Udukuzi kwa Jina la Haki: Tuupigie Makofi?

 

Leo tunaingia katika jambo ambalo wanawake wengi tunawaachia vijana na mafundi wa kompyuta, na kumbe linafika mpaka ndani ya mikoba yetu. Kila zikitoka habari kwamba wadukuzi wameangusha tovuti ya serikali fulani au kampuni kubwa, watu hugawika mafungu mawili. Wapo wanaosema, "Vizuri, wamewakomesha!" Na wapo wanaosema, "Uhalifu ni uhalifu tu, hata ukivishwa nguo ya sikukuu." Basi tuulizane bila ya jazba: mtu akidukua kwa kutetea wanyonge, bila kutaka senti tano, hayo ni maandamano kama ya barabarani, au ni kosa kama makosa mengine?

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Chukulieni duka la nguo. Njia ya kwanza ya kulisumbua ni watu mia kuja mlangoni kwa pamoja, kila mmoja anauliza bei na hakuna anayenunua. Hawakuvunja kitu, lakini mteja wa kweli hapati pa kupita. Ndivyo tovuti inavyoangushwa: kompyuta nyingi zinaitumia maombi ya uongo kwa mkupuo mpaka inashindwa kumjibu mtu yeyote. Njia ya pili ni mtu kuja usiku akabandika bango lake juu ya bango la duka. Ya tatu ni kuingia kwa mlango wa nyuma, kuchukua daftari la vipimo lenye majina, namba za simu na vipimo vya miili ya wateja, kisha kwenda kulitundika sokoni. Yote matatu yanaitwa udukuzi, lakini hayalingani uzito.

Tuanze na lililotokea karibu yetu. Julai 2023, mfumo wa eCitizen wa Kenya ulishambuliwa kwa njia ile ya kwanza. Wakati ule huo ulikuwa mlango wa huduma za serikali zaidi ya 5,000: pasipoti, viza, leseni za udereva na mengineyo. Wakenya walihangaika siku kadhaa. Tiketi za treni ya SGR zilisumbua, umeme wa kununua kwa simu ukasumbua, M-Pesa nayo ikayumba. Ilibidi serikali iwape wageni viza wakishafika, kwa kuwa hawakuweza kuomba mtandaoni. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilisema ndilo lililofanya, na sababu yake ni kwamba Kenya inaingilia mambo ya Sudan.

Haya, tukubali kwa dakika moja kwamba walikuwa na hoja, maana watu wa Sudan wamepata mateso makubwa na hasira zao tunazielewa. Lakini aliyelipa gharama ni nani? Waziri hakulala gizani. Aliyekosa umeme ni mama aliyetaka kununua wa shilingi chache jioni ile. Aliyekosa mauzo ni muuza mboga ambaye wateja wake hawatembei na noti. Sisi wafanyabiashara wadogo tunajua maana ya siku moja bila malipo ya simu: kitambaa hakinunuliki, msichana wa kazi hapewi chake, na mteja anakwenda kwingine.

Kisha Oktoba 2024 Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili wa Sudan. Kwa mujibu wa mashtaka hayo, kundi lao lilifanya mashambulio zaidi ya 35,000 na likawa linawauzia wengine huduma ya kushambulia. Miongoni mwa waliopigwa ni hospitali ya Cedars-Sinai ya Los Angeles, ambako wagonjwa wa dharura ilibidi wapelekwe hospitali nyengine kwa takriban saa nane. Mgonjwa aliyemo ndani ya gari la wagonjwa ana kosa gani juu ya Sudan?

Lakini hatutaki kumfunga kila mtu kwa kamba moja, kwa sababu upo mfano unaokwenda kinyume na huu. Mwaka 1999, Msudani aitwaye Aamir Ageeb alifariki ndani ya ndege ya Lufthansa wakati polisi wa Ujerumani wakimrejesha kwao kwa nguvu. Watetezi wa wahamiaji wakaanza kuitaka kampuni hiyo iache kubeba watu wanaofukuzwa nchini. Tarehe 20 Juni 2001, siku ya mkutano wa wenye hisa, wakaita "maandamano ya mtandaoni": watu waifungue tovuti ya Lufthansa kwa pamoja kwa muda wa saa mbili. Siku na saa vilitangazwa hadharani na sababu ikaelezwa. Kompyuta zipatazo 13,000 zilishiriki. Mwandalizi alitiwa hatiani mwaka 2005, lakini mwaka uliofuata mahakama ya juu ya Frankfurt ikaifuta hukumu hiyo, ikisema kitendo kile hakikuwa matumizi ya nguvu wala vitisho.

Linganisheni mambo mawili haya. Njia ni moja, kuziba mlango. Lakini wale wa Ujerumani walisema mapema, aliyewaita alijulikana na akasimama mahakamani, muda ulikuwa na mwisho, na usumbufu ulimfikia yuleyule waliyekuwa wanamlalamikia. Hayo yanafanana na watu kukaa mbele ya ofisi na mabango yao. Ya eCitizen yanafanana na kumwaga misumari njiani usiku, kisha kusema misumari ile ilikuwa ya waziri.

Dini yetu nayo imetupa mizani. Katika Suratun Nur tumefunzwa tusiingie nyumba isiyo yetu mpaka tubishe hodi na kupata ruhusa, na tukiambiwa turudi, turudi. Katika Suratul Hujurat tumekatazwa kupelelezana. Mafakihi nao wanatufundisha kwamba madhara hayaondolewi kwa kuleta madhara mengine. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametueleza kuwa katika jihadi iliyo bora ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu. Tulitazame hilo neno "mbele". Uzito wake ni kwamba msemaji yupo na anaonekana.

Ile njia ya kuvujisha siri ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi, khasa sisi wanawake. Mnakumbuka habari za Ashley Madison? Ni tovuti iliyokuwa ikiwakutanisha watu walio kwenye ndoa wanaotaka kutoka nje. Julai 2015, kundi lililojiita Impact Team likasema tovuti hiyo inawadanganya wateja wake, likataka ifungwe. Haikufungwa. Agosti wakamwaga hadharani taarifa za akaunti zaidi ya milioni 30.

Tunajua baadhi yenu mtasema, "Waache waumbuke!" Mke aliyesalitiwa ana uchungu, na hatuwezi kumlaumu. Lakini tutazame kilichofuata. Matapeli waliyachukua majina yale na kuanza kuwatishia watu walipe au waambiwe wake zao. Na tovuti ile haikuwa ikihakiki barua pepe, kwa hiyo mtu aliweza kuandikishwa na mwengine bila ya kujua. Fikirini mume asiye na hatia anaulizwa na mkewe, na hana pa kuapia. Sisi tumefundishwa kwamba anayemsitiri mwenzake, Allah atamsitiri. Zinaa ni haramu, hilo halina mjadala, lakini kuzifunua nyumba milioni 30 kwa usiku mmoja si kukataza maovu. Kukataza maovu kuna adabu zake, na la kwanza ni kutoleta ovu kubwa zaidi.

Sasa tusikie hoja ya upande wa pili, maana ni nzito. Wanasema: "Nyinyi mnasema mtu aonyeshe uso. Je, pale ambapo anayeonyesha uso hupotea?" Wanatoa mfano wa Tunisia. Mwishoni mwa 2010, baada ya kijana muuza matunda Mohamed Bouazizi kujichoma moto mbele ya ofisi ya serikali kule Sidi Bouzid, watu waliingia barabarani. Nywila za Facebook za wananchi zikawa zinaibwa ili sauti zao zizimwe. Januari 2011, kundi la Anonymous likaangusha tovuti za serikali ya Ben Ali, na pia likawapa Watunisia njia za kujikinga na wizi ule wa nywila.

Hapa tunakiri kwamba hatuwezi kuwatia wote kapu moja na wale walioizuia hospitali. Kumsaidia mtu afunge mlango wake asipelelezwe ni kheri. Kuangusha tovuti ya serikali inayowaua watu wake, ambayo haimlishi wala haimtibu mtu, ni jambo ambalo wenye elimu wanaweza kulijadili. Lakini Ben Ali alikimbia tarehe 14 Januari kwa sababu barabara zilijaa watu wenye nyuso. Kama wangebaki vyumbani wote wakibonyeza kompyuta, hatudhani kama angepanda ndege.

Na mkono uliofichika humpa mwenye nguvu sababu ya kukaza kamba. Mei 2025, akaunti ya X ya Jeshi la Polisi Tanzania ilivamiwa, ikajazwa uongo na picha chafu. Muda mfupi baadaye X ikawa haifunguki nchini. Waliofungiwa ni pamoja na wale ambao hawakudukua kitu, waliokuwa wakizungumza kwa majina yao.

Mwisho tuwaseme watoto wetu, kwa sababu ndio wanaovutwa. Desemba 2010, PayPal ilipoacha kupokea michango ya WikiLeaks, vijana wengi walipakua programu ndogo, wakabonyeza, wakadhani wamejificha ndani ya umati. Programu ile haikuwa ikificha anwani zao. Marekani iliwashtaki watu 14, na Desemba 2013 wengi wao walikiri makosa na kutakiwa kulipa fidia. Jambo la kushangaza, Pierre Omidyar, mwanzilishi wa eBay iliyoimiliki PayPal, aliomba wahurumiwe. Lakini alisema neno tunaloliunga mkono: barabarani mtu mmoja ni mtu mmoja, na programu ile humfanya mmoja awe kama maelfu. Hapo ndipo maandamano yanapoanza kuwa udanganyifu, kwa kuwa umati wenyewe ni wa uongo.

Kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu Bara na Zanzibar. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa, hata ukiingia ukaangalia tu na kutoka. Kijana wa skuli anayefanya mchezo huo chumbani kwake, mama yake yuko jikoni anakaanga maandazi, anaweza kuamkia kituo cha polisi. Tukae na wanetu. Tusiwakemee hasira zao, kwani kuchukia dhulma ni dalili ya imani. Tuwafundishe pa kuipeleka: barua yenye majina na saini, wakili, mwandishi wa habari, kususia bidhaa, kusema msikitini na kwenye mikutano ya shehia, na dua.

Basi jawabu letu ni hili. Tukisikia wadukuzi wamepiga mahali, kabla ya kushangilia tuulize mambo manne. Wametangaza kabla? Yupo anayesimama kujibu kwa kitendo chake? Kinajulikana kitaisha lini? Na maumivu yamemfika aliyedhulumu, au yamemfika mama mwenye genge la mboga? Ikiwa majawabu ni mazuri yote manne, hayo ni maandamano, na sheria nayo ingefanya uadilifu kuyatazama hivyo. Ikiwa hakuna hata moja, huo ni uhalifu, hata kama adui wao ndiye adui wetu. Haki ya mtu aliyeumia bila ya kosa itabaki pale pale mpaka Siku ya Hesabu, na huko hakuna wa kuificha anwani yake.

Allah atujaalie tuwe watetezi wa wanyonge bila ya kuwa madhalimu, na awape wenzetu wa Sudan amani na makazi yao. Amin.

Wasalaam alaykum.