Kikao Kisicho na Mzee

Wazee wenzangu tukikutana, na siku hizi tunakutana zaidi mazishini, mazungumzo hayakawii kuwaangukia vijana na pombe. Kizazi kimekwisha, tunasema. Wavulana hawaoi, mashamba yamebaki na kina mama. Kisha maturubai yanakunjwa, na baadhi ya waliohutubu kwa uchungu wanaelekea baa.

Mimi ni mzee wa Murang'a, na muratina, pombe yetu ya kienyeji, ninaijua. Ilipikwa kwa asali au miwa na tunda la mti wa jina hilo, ikanywewa kwenye ruracio, yaani sherehe ya mahari, na kwenye vikao vya wazee, na kijana hakuigusa. Tunapenda kusimulia hayo. Hatusimulii ni kina nani waliokuwa watu wazima wakati chang'aa inapikwa mtoni usiku na karo za watoto kuishia huko. Tulikuwa sisi.

Serikali nayo imejaribu kwa njia yake. Pombe haramu ya kumi kumi iliua watu zaidi ya 100 Nairobi mwaka 2000. Sheria ya 2010, ambayo kila mnywaji huiita ya Mututho, mbunge aliyeipeleka bungeni, ikahalalisha chang'aa kwa masharti na kupanga saa za baa. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru pombe haramu ziangamizwe, wabunge wakaongoza watu kumwaga mitungi barabarani. Februari 2024, Kirinyaga, watu wakafa tena kwa pombe ya sumu. Kumwaga tunakujua. Lakini yule anayeamka alfajiri mikono ikitetemeka, akitafuta cha kutoa loki, tone la kutuliza mtetemo huo, hakuna aliyemwambia pa kwenda.

Pa kwenda nilionyeshwa na vijana hao hao tunaowalilia. Kijana wa ukoo wetu aliniomba nimsindikize kwenye mkutano wa AA (Alcoholics Anonymous), ambako walevi husaidiana kuacha pombe. Utaratibu huo ulianzia Akron, Ohio, mwaka 1935, baada ya dalali wa hisa, Bill Wilson, na daktari wa upasuaji, Bob Smith, kugundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake, kiu humpungukia. Leo mikutano ipo nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Aghalabu hukaliwa katika kumbi za makanisa, na tangu korona mingine hufanywa kwa simu. Asiyejua pa kuanzia anaweza kupiga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, au kumuuliza mshauri wa hospitalini. Mkutano wa wazi unampokea hata msindikizaji kama mimi. Ule wa faragha ni wao wenyewe. Ada hakuna. Kikapu kinapitishwa, na fedha za watu wa nje hazipokelewi. Sharti la kuwa mwanachama ni kutaka kuacha, basi.

Yaliyosemwa mle nayaacha mle. Kilichonitatiza ni mpangilio wake. Mtu anataja jina lake la kwanza, anasema yake, anashukuriwa, zamu inapita. Hakuna anayemjibu wala kumkaripia, na mwisho wa kikao hakuna mzee wa kusimama akakata shauri. Nilikuwa na mawaidha mazuri sana siku hiyo. Nilirudi nayo nyumbani yote.

Na ukubwa mle hauhesabiwi kwa mvi. Unahesabiwa kwa siku ambazo mtu hajaonja. Kijana wa rika la mjukuu wangu anaweza kuwa mlezi wa mwanamume aliyestaafu; ndiye atakayepigiwa simu kiu ikimbana mzee huyo usiku wa manane. Kwetu sisi hilo ni sawa na kutahiriwa upya na watoto. Nadhani ndiyo sababu wazee wengi hawafiki, wala si umbali tu, ingawa nauli ya kwenda mjini nayo ni kweli. Mwenzetu anakufa kwa pombe, sisi tunatangaza redioni kwamba ni presha. Kijana akianguka mtaroni ni mlevi. Mzee akianguka, amechoka.

Sidai kwamba mikutano inamfaa kila mtu. Wapo wanaohudhuria mwezi mzima kisha wanarudi kwenye chupa, na wapo wanaoona maombi yake ni mengi au ni machache mno. Pia mnywaji wa miaka mingi asikatishwe pombe ghafla na jamaa wenye hasira wakamfungia chumbani: anaweza kupata degedege akafa. Hospitali kwanza, mkutano baadaye. Wake na watoto wana vikao vyao tangu 1951, Al-Anon, na wengine huenda hata kama mlevi wao hataki kusikia.

Ila kizazi hiki kimejifunza jambo ambalo sisi hatukulifanya: kukaa mbele ya watu na kusema, mimi nimeshindwa na kitu hiki, bila kufukuzwa kwenye kikao. Kazi yetu wazee ni ndogo. Tutoe ukumbi, tutoe ufunguo, halafu tuondoke, au tuketi nyuma tukiwa na shida kama yao.

Nimeomba ukumbi wa kanisa letu kwa Jumanne jioni. Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenzangu, anasema siku hiyo kuna kwaya. Kwaya hufanya mazoezi Alhamisi.