Kwa Nini Tumezima IPv6 kwenye Waya Mmoja Tu

Vijana wenzangu wa hapa Nakivale, na ninyi mnaofanya kazi na mashirika, wengi mnaniuliza ile karatasi iliyobandikwa kwenye kompyuta ya chumba chetu ni ya nini. Ngoja nieleze.

Ile kompyuta ni ya Linux. Ndiyo inashusha mitihani ya zamani ya S4, halafu inawagawia kwenye simu zenu kwa wifi bila ninyi kula bando. Kwa hiyo ina njia mbili: waya wa kwenda kwenye ruta ya laini ya simu, na wifi ya humu ndani. Sasa, ukifungua brauza, kurasa zilikuja vizuri tu. Lakini ile programu ya kushusha, inayotumia wget, kila faili ilikaa zaidi ya dakika mbili kabla ya kuanza. Na bando letu ni la saa 24. Likiisha limeisha, na watu wa S4 wanabaki na nusu ya mitihani. Wengine walisema kompyuta imezeeka, tuombe mpya.

Kumbe shida ni anwani. Intaneti ina anwani za aina mbili. IPv4, ile ya zamani, ina kama bilioni 4.3 tu, na mafungu ya mwisho ya stoo kuu ya dunia yaligawiwa Februari 2011. IPv6 ililetwa kwa ajili ya upungufu huo. Ruta yetu ilikuwa inatangaza kwamba IPv6 ipo, wakati nyuma yake hakuna barabara. Wget inabisha hodi kwenye IPv6 kwanza, inangoja, inabisha tena, mpaka ichoke ndipo iende IPv4. Brauza ni janja, inakimbilia njia ya pili haraka bila kukuambia. Ndiyo maana ugonjwa ulijificha. Tulipoandika wget -4, faili lilianza palepale.

Mwenzangu mmoja alitaka tuzime IPv6 kompyuta nzima. Nilikataa, wifi ya ndani haina kosa lolote. Kwenye Linux kila njia ya mtandao ina swichi yake:

sudo sysctl -w net.ipv6.conf.enp2s0.disable_ipv6=1

Hapo enp2s0 ni jina la waya wetu. La kwako litafute kwa ip link. Ukiweka 0 inarudi. Ukiwasha kompyuta upya amri hiyo inajifuta, kwa hiyo ni nzuri kwa kujaribu. Tuliporidhika, tukaizima pia ndani ya NetworkManager, maana ndiyo inasimamia ule waya, na inaweza kuirudisha kimyakimya.

Sasa karatasi. Aliyetupangia kompyuta hii alipata safari ya nchi ya tatu, akaondoka bila kuacha hata mstari mmoja. Neno la siri tulilitafuta wiki mbili kwa WhatsApp. Na mimi kesi yangu inaendelea, sijui mwakani nitakuwa wapi. Kwa hiyo nimeandika, kwa Kiswahili na Kifaransa: kimezimwa nini, tarehe gani, kwa nini, na kinarudishwaje. Ruta ikibadilishwa, rudisheni IPv6 mpime upya, msiiache imezimwa kwa mazoea.

Na ninyi wa mashirika, mkituletea ruta nyingine, tafadhali jaribuni ping -6 kabla hamjapanda gari.