Seva saba zisizoonekana

Mhasibu alikuja mezani kwangu Ijumaa moja saa kumi jioni akiwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ukurasa wa kitabu cha mali ya kampuni: seva 31. Ya pili ilikuwa orodha iliyochapishwa kutoka kwenye programu yangu: seva 24. "Hizi saba ziko wapi?" akauliza.

Mimi, kwa kiburi cha mtu anayependa kazi ya mikono yake, nikamjibu kwamba programu inaonyesha kilichopo, na kama seva haionekani basi haiko kwenye mtandao. Akaandika kitu kwa kalamu nyekundu akaenda zake. Jumatatu ndipo nikasikia kwamba malipo ya mwisho ya kijana mmoja fundi yamezuiwa. Mkataba wake ulikuwa umeisha mwezi huo, na ndiye aliyetumwa kupeleka seva mpya sita kwenye matawi yetu. Kati ya hizo sita, orodha yangu ilionyesha moja tu.

Hakuna aliyesema neno wizi. Lakini mnajua jinsi ofisi zinavyonong'ona.

Programu yenyewe ni ndogo. Niliiandika kwa Python na MySQL baada ya kuchoka na faili la Excel ambalo kila mtu alikuwa na nakala yake, na kila nakala ina ukweli wake. Kila seva ya Linux ina skripti inayoamshwa na cron saa inapogonga. Skripti inakusanya jina la mashine, anwani ya IP, ukubwa wa diski na kumbukumbu, kisha inatuma ripoti Nairobi. Seva za Windows hazina skripti, hizo huwa nazitafuta kwa Nmap usiku.

Swali gumu kwa programu yoyote ya namna hii ni moja: utajuaje kwamba ripoti ya leo imetoka kwa mashine ile ile ya jana? Jina hubadilishwa. IP hubadilika. Kadi ya mtandao huungua, na kwa umeme wetu huu huungua sana. Nikaona nitumie /etc/machine-id, yaani ile namba ya herufi 32 ambayo mashine za Linux zenye systemd hupewa zinapowekwa mfumo au zinapowaka mara ya kwanza. Nikaifanya ndiyo ufunguo wa jedwali. Ripoti ikija na namba mpya, ongeza mstari. Ikija na namba inayojulikana, sahihisha mstari uliopo. Kwa MySQL ni kauli moja tu, INSERT ... ON DUPLICATE KEY UPDATE. Siku niliyoiandika nilijiona bingwa.

Jumatatu hiyo nilianza na jambo ambalo ningelifanya Ijumaa: ping kwa seva ya Nakuru. Ikajibu. Ya Kisumu, ikajibu. Zote sita zilijibu. Nilihisi tumbo likinishuka, kwa sababu orodha yangu ilikuwa inaonyesha Eldoret peke yake.

Nikafikiri skripti haifanyi kazi kwenye hizo tano. Nikaingia Nakuru kwa SSH niangalie kumbukumbu za cron. Ripoti ilikuwa imetumwa saa nne kamili, na seva ya Nairobi ikajibu 200, yaani imepokea vizuri. Sasa kama imepokea, imeiweka wapi? Nilipoteza saa nzima nikitafuta kosa kwenye upande wa kupokea. Nikabadilisha hiki na kile, nikaanzisha upya huduma ambazo hazikuwa na shida yoyote, nikanywa chai ambayo sikuitaka.

Kilichonifungua macho ni bahati. Niliiacha orodha wazi kwenye kivinjari, na saa tano ilipopita kidogo nikaonyesha ukurasa upya. Eldoret haikuwepo. Mahali pake palikuwa na Kisumu. Idadi bado 24.

Nilikaa nikiangalia ule mstari kama mtu aliyeona mzimu. Kisha nikaingia kwenye mashine ya Kisumu, na kabla sijaandika neno la siri SSH ikaniambia jambo ambalo asubuhi nililipita bila kulisoma: ufunguo wa seva hii tayari unajulikana kwa anwani nyingine. Nikasoma machine-id ya Kisumu, nikasoma ya Nakuru. Herufi 32, zote sawa. Eldoret, sawa. Zote sita.

Kijana wa watu alikuwa ameweka mfumo kwenye mashine moja vizuri kabisa, akaipima, halafu akanakili diski yake kwenye nyingine tano kwa Clonezilla. Alibadilisha majina na IP. Ni kazi ya mtu anayejua anachofanya, na ndiyo sababu alimaliza kwa siku moja kazi tuliyoipangia wiki. Ila Clonezilla hunakili kila kitu, hata utambulisho. Kila saa ilipogonga mashine sita zilituma ripoti kwa mpigo, kila moja ikafuta jina la mwenzake, na iliyofika mwisho ndiyo iliyobaki kwenye orodha. Ijumaa, wakati mhasibu anachapisha, bahati ilikuwa ya Eldoret.

Kurekebisha kulikuwa na vituko vyake. Nilifuta /etc/machine-id kwenye mashine moja, nikaendesha systemd-machine-id-setup, na namba ile ile ikarudi! Kumbe kulikuwa na nakala nyingine /var/lib/dbus/machine-id, na amri hiyo huichukua ikiikuta. Futa zote mbili ndipo uendeshe, kisha uwashe mashine upya. Na kwa kuwa funguo za SSH nazo zilikuwa pacha, nikafuta zile faili za ssh_host zilizo /etc/ssh na kutengeneza mpya kwa ssh-keygen -A. Anayeandaa diski ya kunakili ni heri aache machine-id ikiwa faili tupu kabla ya kunakili, kila mashine itajipa yake ikiwaka.

Kwenye programu, sasa nikiona namba moja inaleta majina mawili ndani ya siku moja, sifuti chochote. Naweka mistari miwili na kuipaka nyekundu. Nilitaka kuongeza namba ya kiwandani kutoka dmidecode, lakini mashine zetu za bei nafuu nyingi kiwanda hakikuijaza hiyo sehemu, kwa hiyo zingefanana tena.

Hizo ni tano. Ya sita ilikuwa Windows iliyo upande wa pili wa ruta. Kinga yake ilikuwa inatupa ping na kila kitu kingine ambacho Nmap hutuma kubisha hodi, basi Nmap ikaihesabu imezimwa. Ingekuwa kwenye mtandao mmoja nasi ingeonekana, maana hapo Nmap hutumia ARP. Niliongeza -Pn kwa anwani za upande ule. Inachukua muda mrefu zaidi lakini ikaonekana. Ya saba ilikuwa stoo, pawa saplai imekufa, imefunikwa na maboksi ya karatasi. Kuhusu hiyo moja programu yangu ilisema kweli.

Jumanne nilimpelekea mhasibu orodha mpya na maelezo ya ukurasa mmoja, nikasema wazi kwamba kosa lilikuwa langu. Alisoma, akauliza kama ya stoo inaweza kuuzwa.

Kisha nikampigia yule kijana. Nikamweleza habari ya machine-id, nikaieleza kwa kirefu kuliko ilivyohitajika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka," akasema, "si ungepigia tu tawi la Nakuru uwaulize kama mashine iko chini ya meza?"

Malipo yake yalitoka Alhamisi. Nimempigia mara mbili tangu hapo, hajashika simu.