Nyoka na maji yetu: kutoka vidimbwi vya Nyangezi mpaka Ziwa Tanganyika



Likizo kubwa iko karibu. Watoto watakaa nyumbani miezi miwili, jua la kiangazi litawaka, na katika vijiji vyetu vya Nyangezi tutasikia tena neno ambalo mama zetu walituambia na nyanya zetu waliwaambia wao: «Usiingie majini, kuna nyoka!» Wavulana hawalisikii. Wanavua mashati, wanaruka. Wasichana wanalisikia. Ndiyo maana mvulana wa miaka 10 anajua kupiga maji kidogo, na dada yake wa miaka 15, anayeshika bidoni na kwenda kuchota kila asubuhi, hajui hata kuelea.

Miaka michache iliyopita darasa langu lilipoteza msichana wa miaka 11. Alizama katika shimo walimochimba udongo wa matofali, likajaa maji ya mvua. Kwenye kilio watu walisema nyoka mkubwa alimvuta. Wamama waliomwosha hawakuona alama hata moja ya jino. Shimo lilikuwa refu kumzidi mtu mzima, kingo zake zilikuwa za utelezi, na mtoto hakujua kuogelea. Tulimzika, na nyoka akabeba lawama. Shimo lilibaki wazi.

Tangu hapo, kila nikisafiri nauliza watu wa maji: wavuvi, wauguzi, wachota maji. Ninawaletea hapa yale niliyoyaona na kujifunza, nikifuata maji yetu kutoka huku mlimani mpaka chini Uvira.

Hapa kwetu Nyangezi

Maji yetu ni madogo: vijito, mabonde yenye matete, vidimbwi vya samaki, mashimo ya matofali. Upande wa mashariki Ruzizi inapita ndani ya bonde lake refu, na ng'ambo ni Rwanda.

Nyoka wako? Wako, tusidanganyane. Anayeonekana mara nyingi karibu na vidimbwi ni yule mwembamba wa kijani anayewinda vyura. Anaogelea vizuri, kichwa juu ya maji, na akiona mtu anakimbilia majani. Huyo hana sumu ya kumdhuru mtu. Lakini kuna mwingine wa kijani ambaye tusimchanganye naye: mfupi, mnene, kichwa kipana kama pembetatu, mwili wa kijani wenye madoa meusi, magamba yanayokwaruza. Anakaa juu ya matete, mafunjo na vichaka vya milima yetu. Wataalamu wanamwita Atheris nitschei. Huyo ana sumu. Yeye hamfuati mtu anayeogelea. Anamngoja chura au panya juu ya jani. Anayekuwa hatarini ni mama anayekata matete kwa mkono mtupu, au mtoto anayeshika majani ili atoke majini.

Hapo kuna somo la kwanza: hatari ya nyoka iko ukingoni kuliko katikati ya maji. Karibu nyoka wote wanajua kuogelea, hata chatu na swila, lakini nyoka aliye majini anatafuta kuvuka au kutafuta chakula. Mtu kwake si chakula, ni mti mkubwa unaopiga kelele. Watu wengi wanaoumwa, wanaumwa mguuni au mkononi, wakiwa nchi kavu: shambani, njiani usiku bila taa, au wakiinua kuni na mawe.

Kidimbwi ambacho kingo zake zimefyekwa hakina mahali pa kumficha nyoka. Wamama wenye vidimbwi vya samaki, hii ni kazi ya nusu siku kwa mwezi.

Ziwa Kivu, upande wa Bukavu

Ukipanda gari kutoka kwetu hadi Bukavu, unafika mji uliojengwa juu ya rasi tano zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono. Siku ya Jumapili yenye jua, watoto wa Nguba na Muhumba wanajaa majini. Nilipokuwa mwanafunzi wa ISP hapo Bukavu, wenzangu waliozaliwa ziwani walinicheka kwa kuuliza habari za nyoka. Walisema: «Mwalimu, uogope kina.»

Walikuwa na haki. Ziwa Kivu halina mamba. Halina pia ile swila ya maji nitakayoitaja mbele. Lakini ufuko wake mara nyingi unashuka ghafula: hatua tatu maji yako kiunoni, ya nne hakuna chini. Mahali parefu zaidi ziwa linapita mita 480. Ndani kabisa kuna gesi nyingi, kaboni na metani, ile ambayo ng'ambo ya Rwanda wanaitumia kutengeneza umeme. Upande wa Goma, gesi ya kaboni hutoka ardhini pia na kutulia katika mabonde na baadhi ya pembe za ufuko. Watu wa kule wanaiita mazuku. Haina rangi, na mtu anayeinama au kuogelea mahali hapo anaweza kupoteza fahamu bila kujua kilichompata. Ukienda kutembelea jamaa kule, waulize wenyeji kabla ya kumruhusu mtoto kuingia.

Hatari nyingine haina meno kabisa: kichocho. Kinaletwa na vijidudu vinavyotoka kwa konokono wadogo wa ukingoni, penye majani na maji yaliyotulia. Mtoto anatoka majini akicheka, na baadaye anaanza kuumwa tumbo na kutoa damu chooni. Kituo cha afya kina dawa yake, lakini lazima tumpeleke.

Ukipita Kavumu kuelekea Katana, unafika Lwiro, kwenye kituo cha utafiti kinachoitwa CRSN. Wabelgiji walikianzisha mwaka 1947 kwa jina la IRSAC. Kati ya watafiti wake yuko Chifundera Kusamba, ambaye mwaka 1990 alitoa maandishi juu ya nyoka wa nchi yetu na jinsi wanavyouma watu. Kwa hiyo habari za nyoka si mambo ya wageni tu. Mtoto wa Bushi anayependa wanyama anaweza kuzifanya kuwa kazi yake.

Kufuata Ruzizi mpaka Uvira

Kutoka Nyangezi ukishuka milima ya Ngomo, joto linakupokea kama mlango wa jiko. Ziwa Kivu liko mita 1.460 hivi juu ya bahari, na Tanganyika mita 770 hivi. Ruzizi inaruka karibu mita 700 kati ya maziwa hayo mawili, na ndiyo sababu huku juu ina maporomoko, na ina mabwawa ya umeme, Ruzizi I na Ruzizi II. Mahali hapo si pa kuogelea hata kama hakungekuwa na nyoka hata mmoja duniani. Nguvu ya maji yenyewe inatosha kukuua.

Kamanyola, Luvungi, Sange, Kiliba: ukiwa katika bonde hili la joto maneno yanabadilika. Hapa watu wanaogopa mamba na kiboko, na wanaogopa kwa haki. Wamama wa kando ya Ruzizi wanajua mahali pa kuchota na saa ya kuchota. Hawaendi peke yao, na hawaendi giza likiingia.

Kisha Uvira, na Ziwa Tanganyika. Hapa ndipo nyoka wa maji wa kweli yuko. Ni swila, wa ukoo mmoja na swila wa nchi kavu, lakini maisha yake ni ya majini na mawe ya ufuko. Rangi yake ni ya kahawia, shingoni ana mikanda myeusi, na anaweza kupita mita 2. Chakula chake ni samaki. Anazama, anakaa chini muda mrefu, anatoa kichwa kuvuta pumzi, anarudi. Sumu yake inalegeza misuli mpaka mtu ashindwe kupumua. Wataalamu wamempa jina la Storms, askari Mbelgiji aliyejenga kituo cha Mpala kwenye ziwa hilo mwaka 1883. Lakini wavuvi walimjua zamani kabla ya Storms kuzaliwa.

Nilimwuliza mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona wavu, kama amepata kuumwa. Alicheka. Alisema nyoka huyo anamwona mara kwa mara, hasa akinaswa na wavu, na hapo ndipo mtu anapaswa kuwa mwangalifu: asimtoe kwa mkono. «Majini anakupisha,» alisema. «Wavuni amefungwa, ana hasira.» Wataalamu wanasema vilevile: ni mwoga, na ni nadra sana kusikia amemwuma mtu anayeogelea. Kuna pia nyoka mwingine mdogo wa Tanganyika, anayekula samaki vilevile, na huyo hana madhara. Hata ndugu zetu wa Mombasa na Zanzibar wana nyoka wa bahari mwenye tumbo la manjano na sumu kali, na watoto wao wanaogelea kila siku. Wamefundishwa kutomshika akitupwa mchangani.

Tupime uzito

Wazee walisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Woga si ujinga. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81.000 na 138.000 wanakufa duniani kwa sumu ya nyoka, na mwaka 2017 liliweka jambo hili katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Wengi wao ni wakulima na watoto wa nchi kama yetu. Lakini ni shambani na njiani.

Majini kinachoua ni maji. OMS hiyohiyo inahesabu watu 300.000 hivi waliokufa kwa kuzama mwaka 2021, na watoto wadogo ni sehemu kubwa yao. Sisi wa Kivu hatuhitaji hesabu za mbali. Tarehe 3 mwezi wa 10, 2024, boti kutoka Minova ilizama ikiwa karibu kufika Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu, na makumi ya wandugu zetu walikufa. Wafanyabiashara wamama wanapanda boti hizo kila juma.

Kwa hiyo, «kuna nyoka» tunayowaambia wasichana wetu inawakinga na hatari ndogo, na inawaacha mikono mitupu mbele ya hatari kubwa.

Tufanye nini likizo hii?

Kwanza, mashimo ya matofali. Kamati ya kila mtaa ihesabu mashimo yake, mwenye shimo alifukie au alizungushie miti ya miiba. Kuchimba ni haki yake. Kuacha wazi si haki yake.

Pili, tuwafundishe watoto, wasichana kwa wavulana. Tuchague mahali ambapo maji hayapiti kifua cha mtoto, yasiyo na mkondo, kingo zimefyekwa, na mtu mzima anayejua kuogelea yuko ndani pamoja nao. Waanze kwa kuelea chali. Bidoni tupu iliyofungwa vizuri inamshikilia mtoto juu. Kabla ya kuingia, mpige ukingo kwa fimbo na kuukanyaga kwa kishindo; nyoka atasikia mtikisiko na kwenda zake. Msishike majani bila kutazama. Msiogelee usiku.

Tatu, mtoto anayezama hapigi kelele. Anakwenda kimya. Ukimwona, mtupie bidoni tupu, kamba, au mnyoshee mti mrefu au kitenge. Asiyejua kuogelea asijitupe, tusije tukazika wawili.

Nne, mtu akiumwa na nyoka: mtulize, mvue pete na bangili, usimwache atembee. Mfunge ule mguu au mkono kwenye kipande cha mti ili usitikisike, na mpelekeni hospitali kwa pikipiki au kwa kipoyi. Msikate kwa wembe, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza damu. Ile pierre noire ambayo wengi tunaiweka kabatini, wataalamu wameipima na hawakuona ikipunguza sumu. Muda unaopotea nayo ndio unaoua. Msimfuate nyoka ili kumwua. Na leo hii, kabla ya ajali, wajumbe wetu waulize kituo cha afya: serumu iko wapi, na bei gani? Jibu litangazwe kwenye mkutano.

Mapema mwezi wa saba, Jumamosi asubuhi, walimu wawili pamoja na mimi tutaanza masomo ya kuelea kwa wasichana wa darasa la 4 hadi la 6, katika kidimbwi ambacho mama mmoja wa shirika letu ametukubalia. Tumekwisha kukifyeka na kukipima: maji ni ya kifua cha mtoto wa miaka 10. Tunahitaji bidoni 12 zenye vifuniko, kamba mbili ndefu, na wamama 4 wa kukaa ukingoni, macho majini, simu mfukoni. Ambaye bado anaogopa nyoka, aje na fimbo. Tutampa kazi ya kupiga majani.