Masikio Yangu na Amplifaya Mpya

Muhula uliopita niliandika ripoti ya kurasa mbili, na muhula huu nimeifuta. Naona si vibaya nikieleza sababu, kwa kuwa fedha zilizotajwa ndani yake zilikuwa za wazazi wetu.

Mimi ni katibu wa kamati ya burudani. Amplifaya ya bwalo letu ni kuukuu, na kitufe chake kimoja kimepotea. Duka moja la mjini lilituazima mpya kwa juma moja, yenye taa za buluu na uzito wa kumshinda mvulana mmoja. Jumamosi jioni tulipiga wimbo mmoja kwa ile kuukuu, kisha kwa mpya. Lo! Ilikuwa mbingu na ardhi. Niliandika kwamba ile mpya ina sauti nzito, pana, yenye uhai, maneno niliyoyaokota katika magazeti ya wapenda muziki. Mwenzangu alalaye kitanda cha juu yangu aliongeza kwamba hata pumzi za mwimbaji zinasikika.

Mwalimu wetu wa Fizikia alisoma ripoti ile, akaniuliza, "Kijana, ulisikia au uliona?" Nikajibu upesi kwamba nilisikia. Akanyamaza, akaenda kuleta voltimita ya maabara.

Jambo la kwanza lilinitia aibu. Vitufe vilikuwa palepale tulipoviacha. Alipopiga mlio mmoja usiobadilika na kupima volti kwenye nyaya za spika, ilionekana kwamba ile mpya tulikuwa tumeifungulia zaidi. Sasa, sikio likipewa sauti mbili zilizopitana kidogo tu, ile kubwa huiona nzuri, wala halitambui kwamba ni kubwa. Tena Fletcher na Munson, wataalamu wa Marekani, walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi kuliko sauti za kati. Ukiifungulia, besi hurudi. Uzito niliousifu ulitoka hapo.

Basi akasawazisha volti, akafunika vyombo vyote kwa shuka. Mvulana wa Kidato cha Pili akajificha nyuma akirusha sarafu. Kila mara tulisikilizishwa ya kwanza, ya pili, kisha ya siri, nasi tukaandika ni ipi. Katika mara 10, mimi nilipata 5. Mwenzangu alipata 7, akashangilia sana. Lakini tulipopiga hesabu tuliona kwamba abahatishaye tu hupata 7 au zaidi karibu mara 17 katika kila 100. Akaambiwa arudie. Akapata 4. Tangu siku hiyo hasemi nami vizuri, maana ni mimi niliyeandika matokeo ubaoni.

Baadaye nilisoma kwamba gazeti la Marekani, Stereo Review, lilifanya jaribio la namna hii na kulichapisha Januari 1987. Walikuwamo wasikilizaji 25, na amplifaya za dola zipatazo 220 hadi 12,000. Nao hawakushinda bahati nasibu. Nilifarijika kidogo.

Lakini ni lazima niseme yote. Tulipoifungulia ile kuukuu hadi mwisho, kama siku ya michezo, ilianza kukwaruza, na kila mtu aliitambua bila shuka kuondolewa. Nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Tofauti hiyo ni ya kweli, nayo hupimika. Ila bwaloni hatufiki huko.

Nilisimama mbele ya kamati nikasoma masahihisho yangu. Mmoja akauliza kama mimi ni kiziwi, wakacheka. Ile mpya ilirudishwa dukani. Katika kupima tuligundua kwamba karatasi ya spika ya kushoto imechanika, nayo imetengenezwa kwa sehemu ndogo ya fedha zile. Zilizobaki ziko kwa mhasibu.

Mwenzangu angali anasema kwamba alisikia pumzi. Nimemwambia shuka bado liko maabara.