Kabla Hujamtumia Mdogo Wako Kamera

Sisi tulio Uingereza tunaombwa mengi na nyumbani, na siku hizi kamera imo kwenye orodha. Mdogo wako anapiga picha za harusi Tanga au Mwanza, anakuandikia: "Kaka, naomba unitafutie kamera huko, hata iliyotumika." Ukienda kutafuta, unaitafuta kwa macho ya huku, na hapo ndipo pana tatizo.

Huku mtu huchagua kamera peke yake, kwa ajili yake. Anaanza na sensa: fulu fremu ya milimita 36 kwa 24, au ile ndogo ya APS-C, kama milimita 23 kwa 15. Anasoma tathmini wiki nzima, ananunua mtandaoni, na sheria inampa siku 14 za kubadili mawazo na kuirudisha. Hata kamera iliyotumika inauzwa na maduka yanayoikagua, kueleza shata imefanya kazi mara ngapi, na kuipa dhamana.

Nyumbani kamera ni chombo cha kundi. Mpiga picha wa Dar es Salaam leo ana harusi yake Sinza, kesho anamsaidia mwenzake kwenye sendofu Mbagala. Lenzi inaazimwa, fleshi inaazimwa, betri inazunguka mikononi mwa watu watatu. Kamera isiyolingana na za wenzake inamtenga, hata ikiwa na sensa bora namna gani.

Kulingana huko ni suala la mfumo wa lenzi. Canon ilileta mfumo wa lenzi wa EF mwaka 1987, na lenzi za wakati ule bado zinaingia kwenye DSLR zake, yaani kamera zenye kioo ndani. Mfumo wa F wa Nikon ni wa 1959. Mwaka 2018 kampuni zote mbili zikatoa kamera za fulu fremu zisizo na kioo, zile mirrorless, zenye mifumo mipya: RF na Z. Lenzi za EF zinafungwa kwenye kamera ya RF kwa adapta na kufanya kazi vizuri. Kinyume chake hakiwezekani. Ukimtumia mdogo wako kamera ya RF na lenzi yake, ataazima kwa wenzake wenye DSLR lakini hatakuwa na cha kuwaazima. Katika kazi inayoendeshwa kwa kusaidiana, hilo ni jambo zito.

Kuna suala la umeme pia. Canon 6D ya mwaka 2012, yenye kioo, ilikadiriwa kupiga picha 1090 kwa betri moja. Sony A7 iliyotoka mwaka uliofuata, isiyo na kioo, ilikadiriwa 340 hivi. Sababu ni kwamba kwenye DSLR jicho linaona mwanga wenyewe kupitia kioo, ilhali mirrorless inawasha sensa na skrini muda wote. Mirrorless za sasa zimeboreka sana, lakini sherehe ya kwetu ikianza saa kumi jioni inaweza kuisha saa saba usiku, na umeme ukikatika hakuna pa kuchajia.

Hata hivyo, mirrorless ina jambo moja ninalolipenda kwa dhati. Shela jeupe likijaa kwenye picha, kipima mwanga cha kamera hudhani mahali pana mwanga mwingi kuliko ulivyo, kikaipunguzia picha mwanga, na uso mweusi wa bibi harusi ukazama gizani. Anayetumia DSLR huligundua hilo baada ya kupiga. Anayetumia mirrorless huliona kwenye skrini kabla ya kubofya, akarekebisha. Nyuso zetu zimeharibiwa vya kutosha na kamera zilizoachwa zijiamulie mwanga. Kama wenzake wote wameshahamia huko, mtumie mirrorless bila kusita.

Kamera ndogo za mfukoni ziache. Vijana wa London wanazinunua tena kwa mapenzi ya picha za zamani, lakini mteja wa harusi hatalipia picha anayodhani simu yake ingeipiga.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, mpigie simu. Muulize wenzake wanatumia mfumo gani, na fundi wa karibu anatengeneza kamera zipi. Akisema Canon za EF, mnunulie DSLR ya fulu fremu iliyotumika, na pesa inayobaki ongeza lenzi ya milimita 50 na betri ya pili. Weka na vipakti vya kunyonya unyevu ndani ya begi, hasa kama yuko pwani, maana kuvu hula lenzi.