Ratiba niliyoifuta

Nilipanga siku 3 za Shela, kule Lamu, kama mkutano wa kazini: asubuhi makumbusho, mchana jahazi, jioni matembezi ufuoni. Mke wangu akaisoma ratiba kimya, kisha akauliza, "Baba Watoto, hapa mimi napumzika saa ngapi?" Tangu tumpate kitinda mimba hajalala usiku mzima hata mara moja.

Nikafuta yote. Imebaki ndege hadi Manda, boti ya kuvukia, na chumba chenye baraza. Vichochoro vya Shela ni vya punda na waendao kwa miguu, magari hayapiti, basi mkubwa atatangulia apendavyo. Akiba ya miezi 5 imeisha (pamoja na viatu vyangu vipya). Kuamka na mtoto alfajiri ni zamu yangu. Mama yake alale mpaka achoke.